Neno Kabla ya Salamu

Agar dada, nakuandikia habari ya leo.

Unajua vile mujukuu wangu Sagesse na bwana yake Éliakim banafanyaka. Éliakim anasoma Kigiriki ku masomo ya bapastere hapa Butembo. Akipiga telefone, Sagesse anamupa kwanza neno moja la Kiswahili. Éliakim akilijibu kwa Kigiriki, ndio banasalimiana.

Leo Éliakim alienda Mutwanga na pikipiki. Tukasikia batu balipigwa risasi mu njia ile.

Telefone ikalia. Namba yake, Agar! Namba yake!

Sagesse akalia kwa furaha: «Mukate?»

Akabana telefone ku sikio.

«Mukate, Éliakim! Jibu!»

Sauti ya mutu mwingine: «Mama, miye ni militaire, askari wa jeshi. Mwenye telefone hii alivaa shati gani?»

«Ya bluu. Nilimushonea kifungo asubuhi.»

«Pole sana, mama. Ni yeye tulimukuta mu njia, amekufa.»

Kisha Sagesse akajibu yeye mwenyewe mukate kwa Kigiriki, polepole, pa nafasi ya bwana yake: «Artos.»