Sanduku Ulilotuma Nikujazie Omena

Nyakwara, mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Rangwe tuko salama, na goti la nyanya yako limepona. Lakini hilo sanduku la risasi ulilotuma kutoka kambini kwenu nikujazie dagaa wa omena limenishtua! Unauliza kuna ubaya gani, maadamu ni tupu na haliingizi unyevu. Hata sisi katika jeshi la anga tulisema hivyo hivyo.

Ouma, rafiki yangu wa Sindo, alikuwa akibeba omena yake namna hiyo. Siku moja tukiwa angani ndege iliyumba, sanduku lake likawa linateleza kati yetu, nasi tunalizuia kwa buti huku tukicheka. Masanduku ya silaha yalikuwa nyuma, yamefungwa imara kwa wavu. Ouma akafungua lake atugawie.

Ndani kulikuwa na maguruneti.

Alirudisha kifuniko polepole, akanong'ona, "Yawa, kumbe omena yangu ndiyo imefungwa kule nyuma." Hakuna aliyecheka. Mpaka leo miguu yangu inalikumbuka lile sanduku.

Omena yako nimeitia kwenye gunia. Sanduku baba yako atalirudisha kambini, na nimemwambia alibebe likiwa wazi njia nzima.

Babu yako