Mfungaji Aliyefukuzwa Chuoni

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimetoka shifti Hounslow, miguu inawaka, nikakuta kijitabu mezani. Chama cha waliosoma chuo cha ufundi alichosoma Baba, kule nyumbani, kinamwandalia sherehe Jumamosi, hapa hapa London. Uwanja wa chuo utaitwa kwa jina lake! Nyota wao wa kwanza. Mabao thelathini na moja mwaka 1966. Baba anasoma kwa lenzi, anacheka peke yake.

Ukurasa wa tisa nikaganda. "Mwaka 1967 aliacha masomo kwa hiari yake."

Hiari! Walimfukuza. Goti lilivunjika kwenye fainali, amevaa jezi yao, na wiki tatu baadaye wakamwambia afungashe virago. Ati alicheza amelewa. Baba, ambaye hajawahi kuonja hata tone! Kisha miaka arobaini machimboni, anachonga mawe huku anachechemea.

Nimemwambia hatuendi. Akasema, "Mumbi, mama, niache nifurahi kidogo."

Jumatano, 8 Oktoba

Off yangu. Nimeenda Kingsbury kwa Mzee Harish, golikipa wao wa zamani. Ndiye aliyeandika kijitabu. Amenipokea vizuri, chai ya tangawizi, kila kitu. Nikamuuliza wazi: nani alisema Baba alikuwa amelewa?

Mke wake, Sapna, akaacha kumimina chai.

Kumbe ni Harish mwenyewe. Mkuu wa chuo alimwekea karatasi mbele, akasaini. Chuo hakikutaka kugharimia upasuaji wa goti la Baba. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anasema, aliogopa kufukuzwa yeye.

"Ulijua si kweli?"

"Nilijua."

Miaka hamsini na nane! Na kila Krismasi anampigia Baba simu — ndugu yangu, ndugu yangu! Nimeondoka bila kuaga.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemwambia Baba yote. Alijua! Tangu siku aliyofukuzwa, mkuu wa chuo alipomsomea ile karatasi. Nikamuuliza, sasa mbona unapokea simu zake? Akasema Harish ndiye pekee aliyebaki anayekumbuka alivyocheza.

Hasira hii sijui niipeleke wapi. Nimevunja kikombe. Makusudi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika chooni, hapa ukumbini.

Watu kama themanini. Pilau, hotuba, makofi. Zipporah, mwenyekiti wa chama, akasoma ule uongo — "kwa hiari yake" — neno kwa neno. Nikainuka. Baba akanivuta mkono, nikaketi. Kisha akaomba maikrofoni. Nikajua atashukuru tu, ndivyo alivyo.

"Sikuacha masomo. Nilifukuzwa. Walisema nimelewa, na sikuwa nimelewa."

Basi. Akaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Harish akasimama, ameshikilia meza. "Aliyesema hivyo ni—" Na Zipporah akawasha muziki! Kwaya, sauti juu kabisa! Nikachomoa waya wa spika. Nikamfokea mbele za watu wote, nikakimbilia huku kabla sijamzaba kofi.

Sasa Zipporah anagonga mlango. Anasema nitoke tupige picha, wageni wanasubiri, tusimharibie Baba siku yake. Siku yake!

Nyuma yake namsikia Harish anaongea, bila maikrofoni, sauti inakatika katika. Na Baba anamwambia, "Sema kwa nguvu. Wa nyuma hawasikii."