Taa za Mchumba Wako

Dada yangu mpendwa,

Huku kwenye meli ya utafiti hatujambo, ila chai ya mpishi ina ladha ya sufuria.

Umeniuliza mchumba wako anaendeleaje. Ananawiri. Kila asubuhi hunyoa ndevu, kisha huja chumba cha kamera kutuamuru tuwashe taa zote za kamera iliyoko chini baharini, kina cha mita elfu mbili, ili picha zake zipendeze. Samaki wasiowahi kuona jua wanamwagiwa mwanga machoni, wanatawanyika, naye anaandika: "Ni waoga, hawana tabia ya maana."

Jumanne aliumwa kichwa akabaki kitandani. Nikazima taa, nikaacha moja nyekundu hafifu wasiyoiona. Baada ya muda mrefu samaki mmoja mweusi akarudi kwenye jiwe lenye mayai yake, akayapepea taratibu kwa mapezi. Kaa alipoyasogelea, samaki akamfukuza. Nililia, dada, mbele ya mafundi.

Alipopona, mchumba wako, bwana mkubwa, alitazama kanda dakika mbili tu za mwanzo. "Safi. Hili nililitarajia." Ripoti ikaenda kwa jina lake peke yake. Nilipomuuliza, alinipigapiga begani: "Si tunakuwa familia moja?"

Nikaipeleka kanda kwa mkurugenzi, na sauti yangu imo nikiamuru taa zizimwe. Leo ripoti imezuiwa, naye ameitwa kujieleza.

Atakwambia namwonea wivu. Wewe muulize tu hivi: samaki yule alimfukuza nani? Hajui, maana hakuitazama kanda hadi hapo.

Ni mimi mdogo wako, asiye na adabu kama atakavyoniita.