Mota ya Kushoto

Bibiana mwanangu,

Nimeenda shamba Chanzuru. Uji uko kwenye chupa.

Jana asubuhi nilifungua mota ya kushoto ya kiti chako cha magurudumu, nikakuta kaboni zinazopitisha umeme ndani zimelika zimeisha. Wakubwa walikileta, wakapiga picha na wewe, spea wapi! Nikachonga kaboni kutoka betri za tochi. Ila nyaya nikazigeuza, gurudumu moja likaenda mbele, jingine nyuma, ukazunguka uwanjani kama pia huku unacheka. Mimi nikanuna nikaingia ndani. Sikukununia wewe. Ulicheka kama marehemu mama yako, nikashindwa kusimama pale.

Nyaya nimezirudisha sawa. ~~Kwaya usiende mpaka nije nikusukume.~~ Nenda mwenyewe. Ukisikia harufu ya kuungua, zima. Na urudi unacheka hivyo hivyo.

Baba yako, fundi