Taa ya Dirishani Karungu

Japuonj,

Nimefuta kazi yako, mwalimu wangu. Nakuambia mapema kwa sababu hukumpenda mteja wa kuanza na salamu ndefu huku kitu kakivunja mwenyewe. Ile bodi ndogo uliyoiacha dirishani kwako Karungu, ile yenye taa, nimeifuta mimi Awuor, kwa mkono huu uliouzoesha kazi. Sikukusudia. Lakini kufutika imefutika, na niliona aibu kuendelea kukaa kwenye meza yako bila kukuambia.

Hapa kibandani Mbita mambo ni hivi. Redio haziachwi tena. Watu wanafika na redio kwapani, wanachungulia, wanauliza, "Mzee yuko wapi?" Nikiwaambia tumekuzika wanasema pole, wananishika mkono, kisha wanaondoka na redio yao. Kwao mimi ni msichana wa simu tu. Na wa simu nao hawakai, wanaacha simu na kwenda zao sokoni. Kuna siku nafungua saa mbili, nafunga saa kumi na mbili, na maneno yote niliyosema ni "acha hapo" na "rudi kesho". Sahani ya nyoyo ya saa nne bado nanunua, lakini mahindi na maharagwe yake hayaishi, na hakuna wa kunisema eti nachagua maharagwe na kumwachia yeye mahindi. Nilidhani nitalia sana. Sikulia sana. Nimenyamaza tu, mpaka siku nyingine sauti yangu ikitoka naishtukia. Juzi nilikuwa nabishana na mtangazaji wa habari kama tulivyozoea, mama wa nyanya wa hapo jirani akaingiza kichwa kuniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Siku ya keyo nyinyo, jamaa walipokaa kwako kugawana vitu vyako, nilikuja Karungu nikakaa nyuma kabisa na kina mama wa kanisa, maana mimi si wa ukoo. Ndugu yako alichukua baiskeli. Mwanao Ouko alichukua koti, na ile laptop kuukuu aliyokuwa amekuazima. Halafu wakaita jina langu. Walinipa chuma chako cha kuyeyushia risasi ya kuunganisha waya na bisibisi zote, mbele ya watu, wakasema mzee mwenyewe alitaka hivyo. Nilikuwa nimejiambia asubuhi kwamba sitalia mbele ya wenye msiba. Nililia vibaya, siku ile tu.

Watu walipokwenda kula, mke wako Min Ouko akanivuta chumbani. Alikuwa na kitu kwenye leso. Bodi, ndogo hata kidole gumba changu kinaifunika, na taa moja na waya mfupi wenye chaja.

"Hii si ya kugawa," akasema. "Aliiweka dirishani wiki mbili kabla hajaugua. Taa yake inawaka na kuzima, mchana na usiku. Hata tulipomzika iliendelea tu. Nikiamka, naiangalia. Sasa jana imezima. Nyathina, iwashe tu, unirudishie."

Aliniita mtoto wake, Japuonj, na mimi nimesimama pale naiangalia ile bodi na uso umenishuka. Niliijua. Ndiyo ile bodi ya kufundishwa kazi kwa kompyuta, uliyokuja nayo kibandani ikiwa bado kwenye kipakiti chake, ukaiweka mbele yangu, ukaniita kwa kwetu na kusema, "Nyar Rusinga, hebu nianzishe. Nataka tu kujua mtu anaanzia wapi." Wewe, fundi uliyefungua redio za nusu ya Mbita, unaniomba mimi. Nami nina cheti cha chuo kimetundikwa ukutani, wewe ndiye uliyekipigia msumari. Nikakuambia wiki ijayo. Ukauliza tena, nikakuambia wiki ijayo. Ukacheka, ukasema kuuliza si ujinga, ukairudisha mfukoni. Mara ya tatu hukuuliza. Nilidhani umesahau, na ukweli ni kwamba nilishukuru.

Kumbe ulianza peke yako. Min Ouko alinionyesha daftari lako, lile la shule la mjukuu ulilogeuza nyuma mbele. Ukurasa wa kwanza umeandika, "Bodi imewaka taa nyekundu. Kompyuta haiioni." Jumamosi ya pili, "Kompyuta haiioni." Ya tatu umebadilisha tundu la kuchomekea, haiioni. Umesafisha miguu ya bodi kwa spiriti, haiioni. Jumamosi kumi na moja, Japuonj! Na mimi sijamaliza hata mstari wa pili nilishajua ugonjwa uko wapi. Waya. Ulitumia waya wa chaja ya simu, zile rahisi ambazo ndani zina nyuzi mbili tu za kupitisha moto. Moto unafika, ndiyo maana taa iliwaka, lakini kompyuta na bodi haziwezi kusemezana. Hilo linajulikana na kila fundi simu. Ningekuambia huku natafuna. Tulikuwa tunakaa meza moja, viwiko vinagusana, na wewe kila Jumamosi unaenda nyumbani kupigana na waya ule.

Jumamosi ya kumi na mbili umeandika, "Nimeazima waya wa kamera kwa mwalimu wa kwaya. IMEONA." Kwa herufi kubwa, umezikoleza mara mbili. Baada ya hapo hakuna kitu, daftari ni tupu. Nadhani ulikuwa na raha mpaka ukaacha kuandika.

Nilirudi Mbita na bodi kwenye leso. Kilichokufa kilikuwa chaja, wala si bodi. Ningebadilisha chaja, basi, kazi ya dakika moja. Lakini unaujua ugonjwa wetu sisi wa simu. Kitu kikifika mezani tunakiflashi kwanza, tunafuta kilichomo ndani na kukijaza upya, halafu ndiyo tunauliza kinaumwa nini. "Nyinyi mnaosha maiti kabla ya kuangalia kama amekufa," ulikuwa ukinicheka. Basi mkono ukaenda wenyewe. Nikachomeka waya wangu mzuri kwenye laptop yangu, nikafungua lile somo la kwanza linaloanziwa na kila mtu, nikalipakia: washa taa, ngoja sekunde moja, zima, ngoja sekunde moja, rudia. Ikawaka. Nikaegemea nyuma, nimeridhika na nafsi yangu.

Washa, zima. Washa, zima. Sawasawa kabisa. Ndipo nikakumbuka kwamba siku ya mazishi niliiona taa ile nikiwa kwenye hema, na haikuwa sawasawa. Ilikuwa na kituo mahali fulani. Bodi hii inabeba programu moja tu. Ukiweka mpya, ya zamani imekwenda, na hakuna fundi wa kuirudisha. Ningeinakili kwanza, kama ulivyonifundisha kuandika waya upi umetoka wapi kabla sijaukata. Sikunakili. Nilimpigia Ouko kumuuliza kuhusu laptop, akasema ameshaifuta yote ampe mwanawe. "Kwani kulikuwa na kitu?" akauliza. Nikamwambia hapana.

Siku nne nilijaribu kuubahatisha mwendo wako. Haraka, polepole, mara tatu, mara nne. Sikujua hata natafuta nini. Siku ya tano nikaamua kudanganya. Nitampelekea hii ya sekunde moja moja, ninyamaze. Ni mama mzee, taa itakuwa inawaka, nani atamwambia? Nilishaifunga kwenye leso. Kisha nikajiuliza, huyu mtu ameangalia taa moja kila akiamka tangu akuzike, kweli hataijua? Atanishukuru, atanipa chai, na nikiondoka atakaa mbele ya dirisha akijua wewe umetoka humo. Hapo nikashindwa.

Nilikwenda Alhamisi. Min Ouko alikuwa uani anaanika dagaa wa omena. Hata kuketi sikuketi. Nikamwambia, "Mama, nimeifuta. Taa itawaka, lakini si yake tena. Ni haraka yangu." Aliendelea kutandaza omena kwenye wavu mpaka beseni likaisha, akatoa takataka moja moja, akamfukuza kuku. Sijawahi kungoja hivyo. Kisha akanawa mikono, akaniita ndani, akaketi mezani na kugonga ubao kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Akatulia. Ko.

"Hivyo," akasema. "Unaweza?"

Nikafungua laptop yangu kwenye meza yako. Washa kidogo, zima kidogo, washa, ngoja, washa. Nikapakia, akatazama. "Hapana, hapo katikati anakaa zaidi." Nikaongeza. "Bado. Alikuwa na pumzi ndefu." Nikaongeza tena. Mke wako hajawahi kugusa kompyuta maisha yake yote, lakini alinisimamia kuliko mtahini wa chuo. "Sasa umezidisha. Rudi." Sijui tulirudia mara ngapi. Mwishowe akaweka kiganja mezani na kusema, "Hapo."

Ndipo akaniambia. Ule ni mwendo wako wa kubisha hodi. Mwaka ule wezi walipokuwa wakizunguka boma za ufuoni, ulimwambia asimfungulie mtu yeyote isipokuwa anayebisha mbili, akatulia, akabisha moja. Wezi waliondoka, nawe ukaendelea kubisha hivyo kila Jumamosi ukitoka Mbita. Ulipoiweka ile bodi dirishani ulimwambia, "Siku ambazo mimi siko, hii itabisha badala yangu." Tulikaa meza moja miaka sita na hilo sikulijua. Ningekuanzisha siku ile uliyoniomba, ungenieleza unataka taa ifanye nini, na ningelijua kutoka mdomoni mwako.

Tukakaa tukiiangalia. Mbili, kituo, moja. Nilifurahi, sikufichi. Nilijiona nimepona. Nikageuka nimwone mama anavyofurahi, nikakuta machozi yanamtoka bila sauti.

"Awuor," akasema, "unajua ni wiki ngapi mtu anabisha kwangu na siwezi kumfungulia?"

Nikasogeza kiti karibu naye.

"Ile siku ilipozima nililala mpaka jua likatoka. Mara ya kwanza tangu nimzike. Asubuhi nikajiona mke mbaya, ndiyo nikakupa uiwashe." Akajifuta kwa pindo la leso. "Ile uliyokosea wewe ilikuwaje?"

Nikapakia tena somo la kwanza. Washa, zima, washa, zima. Aliitazama muda mrefu, kuku akaingia mpaka ndani na hakumfukuza.

"Hii haibishi," akasema. "Hii ni taa tu. Niachie hii."

Kwa hiyo nimekufuta mara mbili, Japuonj, ya kwanza kwa haraka na ya pili kwa kuambiwa na mwenye nyumba. Usinikasirikie. Mwendo wako nimeuandika kwenye daftari lako, chini ya pale ulipoandika IMEONA: mia mbili, mia mbili, mia mbili, elfu moja na mia nne, mia mbili, kisha kituo kirefu kabla ya kurudia, kwa hesabu ya elfu moja kuwa sekunde moja. Anayejua kuanza ataweza kuuwasha siku yoyote. Bodi imebaki dirishani, na chaja mpya. Nilikula kwa Min Ouko siku ile, omena na kuon, ugali wetu. Tulikula tukiongea, na koo lilikuwa linaniuma kwa kukaa muda mrefu bila kazi.

Wewe pumzika. Safari ya Jumamosi imekwisha, na mlango ule si wako tena kuubisha. Nakuahidi hautakaa kimya. Kila Alhamisi nitafunga kibanda mchana niende Karungu, nisimame pale nje, niite hodi kwa sauti yangu mwenyewe, naye atafungua, na atakuta mtu.

Mwanafunzi wako,
Awuor