Pale Palipoachwa Wazi

Cato Manor, Durban

Mama yangu,

Goti lako liko namna gani? Watoto wa dada Aline wanakuchotea maji, ao ni kelele tu? Sisi huku tunaamka salama, Mungu asifiwe, ila nimechoka, Mama. Nimechoka mpaka macho. Sikutaka kutuma sauti kwa simu. Haya nataka Aline akusomee pole pole, Baba mdogo akiwa amekaa hapo.

Unakumbuka ile kazi niliyopata nilipoacha saluni: kuingiza kwenye kompyuta madaftari ya zamani ya kuhesabu ndege, ya visiwa vidogo vya Pasifiki. Kule iko njiwa wa aina moja anayetaga chini, na panya wanamaliza mayai yake. Watu wa kule wanaangalia hesabu zetu ndipo wachague kisiwa gani wakatege panya.

Sasa sikia ujinga wangu. Kila penye nafasi tupu mimi niliandika sifuri. Si unatujua sisi, ukiulizwa kitu nawe hukioni, unajibu "haiko," imekwisha. Asubuhi moja akanipigia Madame Sela, mkubwa wetu wa kule visiwani.

"Nani amekuambia kisiwa hiki hakina njiwa?"

"Daftari haina kitu, Madame."

"Siku ile bahari ilichafuka, mashua ikarudi. Baba yangu ndiye aliyeandika daftari hilo. Hakuona sifuri. Hakufika!"

Eish, Mama, niliona haya. Kisiwa kile walikuwa wameshakitoa kwenye safari ya mitego kwa sababu yangu. Tangu hapo narudia ukurasa kwa ukurasa. Siwezi kufuta sifuri zote, maana nyingine ni za kweli: walifika, wakatafuta, wakakosa. Mgongo unaniuma, na jioni nasinzia kwenye taksi mpaka napitiliza robot, zile taa za barabarani, ninaposhukia.

Nikiwa katika hayo ikaja kwenye simu sauti ya Baba mdogo, kwamba mwezi ujao mnamfanyia kaka Olivier matanga. Eti mimi nilisema. Ni kweli, Mama, nilisema. Aliniuliza kama Olivier alifika huku kusini baada ya kupotezana siku ile ya kukimbia vita, nikajibu "haiko." Nilikuwa nasema Durban. Kambi za wakimbizi za Tanzania sikuuliza. Burundi sikuuliza. Niliogopa jibu, nikanyamaza, na nyinyi mkaanza kulia. Nisamehe.

Nakuomba, msifanye matanga kwanza. Iko Mrundi anayetengeneza simu karibu na kazini, dada yake anaishi kambini kule Tanzania. Kesho nampelekea picha ya Olivier. Wakitafuta wakakosa, nitalia pamoja nanyi, sitabisha tena.

Unisalimie Baba mdogo, asinikasirikie. Unisalimie Aline na watoto, na mke wa mchungaji anayekuletea dawa. Na wakikuuliza kanisani una watoto wangapi, usiseme wawili. Sema wawili, na mmoja hatujaenda kumtafuta.

Mwanao,
Espérance