Kilima cha Majina Mawili

Etterbeek, tarehe 27 Juni

Papa mupenzi,

Nakusalimia kwa amani ya Bwana, wewe na maman Berthe na wote wa nyumbani Bukavu. Ile homa imekuacha? Unapata usingizi? Mimi niko muzima, ila nimechoka kwa furaha, maana jana nimetetea mémoire yangu, kazi ya kumaliza masomo ya historia, na wamenipa grande distinction, alama za juu sana. Nilitaka uisikie habari hii kwangu kabla ya watu wa parokia kukuambia.

Uliniuliza mara nyingi ninaandika juu ya nini. Nilikuwa ninajibu tu, "Israeli," nawe ukafikiri ni mambo ya Biblia. Hapana, Papa. Ni historia ya Nof Rimon, makazi madogo ya Waisraeli, nyumba ishirini na sita juu ya kilima katika Ukingo wa Magharibi, kwenye ardhi ambayo Wapalestina wanasema ni yao.

Unamkumbuka Madame Mathilde, yule mjane ninayemsaidia kila Jumamosi? Alizaliwa hapa Brussels, lakini mwaka 1981 yeye na mume wake walikuwa kati ya familia saba za kwanza kupanda kilima kile. Alinionyesha picha: mahema, lori la maji, mume wake akichimba mashimo ya mizabibu kwenye mawe. Wiki ya kwanza upepo uling'oa hema lao, wakacheka mpaka machozi, kwa kuwa walikuwa vijana. Aliniambia kilima hakikuwa na mtu.

Nikaandika hivyo. Profesa wangu akanirudishia kurasa zote. Alisema kilima kisicho na mtu ni kitu adimu sana duniani, bora niende nikahakikishe.

Nilitafuta miezi minne. Mwishowe nikampata hapa hapa, kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, muzee Nabil, muuza viungo, aliyezaliwa katika kijiji kilicho chini ya kilima hicho. Akanitolea risiti ya kodi ya babu yake. Walikuwa wanalima ngano pale juu, na kilima walikiita Ras al-Loz, kwa sababu ya milozi. Alinisimulia asubuhi ambayo askari waliweka uzio, baba yake akabaki upande wa chini na jembe mkononi. Hapo nikaweka kalamu chini.

Jana walikuja wote wawili, wakakaa mbalimbali. Mmoja wa waamuzi akaniuliza, "Basi kilima ni cha nani?" Nikajibu kwamba hati nilizoziona zinaonyesha watu wa chini walilima pale kabla ya mahema, na kwamba waliozaliwa juu hawajui kwao kwingine. Nimeandika yote mawili, sikuficha hata moja.

Baadaye maman Bibiane wa parokia yetu ya hapa alituletea sambusa na pondu ya majani ya muhogo. Madame Mathilde akaenda moja kwa moja kwa muzee Nabil, akamwambia ukurasa wa arobaini, ule wa risiti ya babu yake, ni uongo mtupu. Naye akamjibu kwamba huo ndio ukurasa wa kweli peke yake. Wakabishana saa nzima wakila sahani moja, mpaka mlinzi akaja kufunga chumba. Hawakupatana. Lakini kabla ya kuondoka, Madame alimwomba amwandikie jina la zamani la kilima nyuma ya picha ya mume wake. Muzee aliliandika polepole, kwa Kiarabu na kwa Kifaransa. Nililia nikicheka.

Bon, Papa, sasa nina neno la kukiri. Habari ya ugomvi wa shamba letu la Kabare nimeijua kwa kinywa chako tu, na tangu utoto nilikuwa ninavuka barabara nisimsalimie jirani yetu, papa Bahati. Mwezi wa tatu nilimpigia simu. Nilimwomba anisimulie upande wake. Akasema, "Mutoto wangu, hakuna muntu alisha niuliza," halafu akaongea saa mbili. Mengi sikubaliani nayo. Ila aliniambia kwamba mfereji wa maji mliuchimba ninyi wawili kabla sijazaliwa, na siku hiyo uliimba mpaka sauti ikakauka. Hukuwahi kuniambia.

Nafika tarehe 9 Agosti. Naomba wewe na papa Bahati mniketie wote wawili, mbishane mbele yangu, niandike. Yeye amekubali. Kama utakasirika, Papa, anza leo, ili nikifika uwe umemaliza.

Nisalimie maman, ndugu yangu Héritier, na wote wanaoniulizia. Mungu awalinde.

Binti yako anayekuheshimu na kukusumbua,

Abigaël